Siku gani hushuki shimoni?

Hapa Kasulo, mtaa wa mji wa Kolwezi, Kongo, tangu 2014 watu walipoanza kuchimba kobalti hadi chini ya nyumba zao, vumbi la mashimo linaingia mpaka kitandani. Watafiti wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven walipima damu na mkojo wa wakaaji 72 wa mtaa huu. Walikuta kobalti nyingi, na watoto ndio waliozidi. Matokeo yalitoka 2018.

Vumbi hilo mchimbaji hulivuta kifuani kila siku. Basi kwa nini mwenye kikohozi cha majuma matatu haendi kupimwa makohozi, ajue kama ni kifua kikuu? Wengine husema ni ujinga. Mimi nakataa. Yeye hulipwa kwa jiwe lililopimwa siku hiyo. Asiposhuka, wenzake hugawana makuta bila yeye, na jioni nyumbani hakuna bukari. Kipimo nacho mara nyingi kinataka makohozi ya alfajiri, kwa hiyo ni kurudi tena, kisha kurudi kwa ajili ya majibu. Nauli ya pikipiki je? Halafu kuna hofu: akionekana ana kifua kikuu, nani atashuka naye, nani atakula naye sahani moja?

Dawa za kifua kikuu hutolewa bure na mpango wa taifa, na anayezimeza bila kuruka kwa kawaida huacha kuambukiza baada ya majuma machache. Hilo lisemwe pale pale penye mizani, jioni, mifuko inapopimwa. Na wewe muuguzi, kabla hujamwandikia mchimbaji tarehe ya kurudi, muulize kwanza siku gani hashuki.