Pamba Iliyopikwa na Mvuke

Wanangu wa Singida, msimu wa alizeti ukifika wengi wenu hupata kibarua kwenye viwanda vya kukamua na kusafisha mafuta. Boila mnaiogopa, na ni haki yenu. Nawaomba muiogope pia ile pamba ya kioo iliyovikwa mabomba chini ya bati la alumini, hasa iliyozeeka.

Ikiwa mpya ni ya manjano, inanyumbulika, na nyuzi zake zimeshikwa kwa gundi. Mvuke wa baa 10 una joto la karibu nyuzi 180, gundi inalivumilia. Lakini kwenye mtambo wa kuondoa harufu ya mafuta joto hupita 200, na hapo gundi huanza kuungua. Ukisikia harufu kali mtambo mpya unapowashwa, toka nje. Moshi ule una formaldehidi. Miaka ikipita, upande unaogusa bomba hugeuka kahawia, kisha kijivu. Bomba likivuja ndiyo balaa: mvuke hupenya ndani ya pamba, hula kioo chenyewe, nyuzi zinakatikakatika. Ukifungua bati, pamba haichaniki tena, inamwagika vumbi, na upepo wetu mnaujua. Nyuzi nyembamba kuliko mikroni 3 hufika mapafuni.

Sitaki kuwatia hofu ya bure. Mwaka 2001 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiondoa pamba hii kwenye orodha ya vitu vinavyoshukiwa kuleta saratani. Blanketi jeupe la kauri linalowekwa kwenye milango ya tanuri halikuondolewa. Likikaa muda mrefu kwenye moto wa nyuzi 1,000 na zaidi, sehemu yake hugeuka kristobaliti, silika inayoleta saratani ya mapafu na silikosisi, ugonjwa uleule unaowatishia wachimba dhahabu wa Sekenke.

Kwa hiyo bomba lipoe kwanza, pamba iloweshwe maji ndipo ibomolewe, iingie mfukoni, mfuko ufungwe. Msifagie pakavu wala kupuliza kwa kompresa. Kitambaa puani hakitoshi. Inatakiwa barakoa ya FFP2 au zaidi. Ovaroli ibaki kiwandani, isifuliwe pamoja na nguo za watoto.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri awape vifaa hivyo. Viombeni kabla ya kushika bisibisi, na asipowapa, msifungue lile bati.