Shabiki na Meli Iliyofika

Kuna swali tunalobishania sana pale kibanda umiza, na nimeona niliandike maana kwa mdomo haliishi. Mtu anayesambaza jambo asilolijua, ila anatamani liwe kweli, ni mwongo au siyo? Wengi wanasema siyo. Mwongo anaujua ukweli halafu anauficha, huyu haujui. Mimi nasema ana kosa, tena analo hata pale jambo lenyewe linapotokea kuwa kweli. Ushahidi wangu nautoa kwanza kwenye filamu za mashujaa, ambazo vijana wa hapa Nyarugusu tunazipenda karibu sawa na mpira.

Kwa wasioziangalia: ni filamu za Marekani, watu wanaruka angani na kubeba magari. Kampuni zinazovuma ni Marvel na DC, na mashabiki wao wanaonana kama Simba na Yanga. Kwetu zinafika kwenye flashi, zimetafsiriwa na DJ anayeongeza na ya kwake. Stelingi hafi, hiyo tunaijua wote.

Mwaka 2016 DC walitoa Suicide Squad, wahakiki wakaiponda. Mashabiki wakaanzisha ombi, likapata maelfu ya saini, eti tovuti ya Rotten Tomatoes ifungwe kwa kuwa inaichukia DC. Tovuti hiyo haimhukumu mtu. Inakusanya maoni ya wahakiki wa magazeti mbalimbali na kuhesabu wangapi wamesifu. Ni sawa na kumpiga mwalimu anayesoma matokeo ya mtihani uliosahihishwa na wengine. Na zaidi ya hapo, Warner Bros., kampuni yenyewe yenye DC, ilikuwa na hisa katika tovuti hiyohiyo! Habari hiyo haikufichwa. Haikusaidia kitu.

Upande wa pili nao wamo. Mwaka 2019 ilitoka Captain Marvel, stelingi mwanamke, na kuna watu walikuwa wameshaapa kwamba itaanguka. Ilipoanza kujaza kumbi wakasema Disney inajinunulia tiketi yenyewe, wakaonyesha picha za viti vitupu. Filamu iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.1. (Hela hiyo sitaki hata kuigawanya kwa posho.)

Mtu atasema ni ujinga. Mimi sikubali. Hao watu wana intaneti usiku na mchana, wanajua mpaka nani alishona vazi la Batman. Habari wanazo. Ila kuikubali habari fulani kwao ni kama kuhama timu, na anayehama timu anaachwa peke yake. Kwa hiyo hawaulizi kama jambo ni kweli, wanauliza kama ni la kwetu.

Sasa kuna kesi moja inayonisumbua, maana inaonekana kunipinga. Mwaka 2017 Zack Snyder aliiacha filamu ya Justice League kabla haijaisha, baada ya kufiwa na binti yake. Joss Whedon akaimalizia, na ilipotoka wengi hawakuipenda. Mashabiki wakaanza kudai kwamba filamu ya Snyder ipo, imekamilika, imefichwa kabatini. Wakaambiwa wanaota. Wakaendelea miaka. Tuwatendee haki: walichanga pia zaidi ya dola laki tano kwa shirika la kuzuia watu kujiua. Basi, Machi 2021 filamu ya Snyder ikatoka, saa nne nzima!

Walishinda, siyo? Lakini angalia vizuri. Kilichokuwa kabatini ni filamu ambayo haijaisha, na kampuni ililazimika kutoa makumi ya mamilioni ya dola kuimalizia. Mwaka 2022 jarida la Rolling Stone likaandika kwamba ripoti iliyoagizwa na kampuni yenyewe ilikuta angalau asilimia 13 ya akaunti zilizokuwa zikipiga kelele zile ni za bandia. Ubaya mkubwa ulikuja baadaye. Ukimwambia shabiki kwamba uvumi mpya hauna msingi, anakujibu: hata ile mlisema haipo. Ushindi mmoja umekuwa leseni ya kuamini chochote.

Mwingereza mmoja, W. K. Clifford, mtu wa hesabu, aliliandika jambo hili mwaka 1877. Alitoa mfano wa mwenye meli ya wahamiaji, familia zinazokwenda kutafuta maisha mbali. Meli ni kuukuu na jamaa ana wasiwasi nayo. Anajibembeleza: imeshasafiri mara nyingi, Mungu atawalinda. Mpaka anaamini kwa moyo safi kabisa. Meli inazama, yeye analipwa bima. Clifford anasema ana hatia ya vifo vile hata kama aliamini kweli, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini. Halafu anaongeza lile ambalo watu hulisahau: hata kama meli ingefika salama, hatia ni ileile. Hakukagua. Kufika ni bahati.

Hapa kambini nimeiona meli iliyofika. Jirani yangu mmoja alisema posho itapunguzwa, na ikapunguzwa. Alikuwa amekisia tu kama sote, ila kuanzia siku ile akawa nabii wa zoni yetu. Januari 2025 Marekani ikasimamisha kupokea wakimbizi, watu waliokuwa wanasubiri safari wakabaki wameduwaa. Baada ya muda jirani akaforwadi ujumbe: familia zenye kesi za zamani zinafunguliwa upya, lipia fomu kwa namba hii. Mama mmoja akauza cherehani yake. Jirani hakula hata shilingi. Na yeye alilipa, na yeye kesi yake ni ya zamani. Ndiyo maana watu wanamsamehe. Mimi namwonea huruma, lakini hatia siiondoi.

Ndugu zetu wa mashirika, bango lenu la kusema huduma zote ni bure lilikuwepo ukutani, na yule mama anajua kusoma. Mnadhani uvumi unatokana na kukosa bango. Yeye aliuliza kesi yake miaka, akaambiwa asubiri. Warner nao walikaa kimya, na kwenye ukimya wao hadithi ya kabati ikanenepa. Mkisema "hatujui, na hatujui tutajua lini", hilo pia ni jibu, tena linaaminika kuliko subirini.

Rafiki yangu alinipinga: Clifford alikuwa anasema na mwenye meli, sisi ni abiria, abiria ana haki ya kutumaini. Sawa, atumaini. Lakini akisimama gatini kuwaita wenzake wapande, eti imekaguliwa, huyo siyo abiria tena.

Nilimwuliza jirani kwa nini ule ujumbe aliuandikia juu "imethibitishwa" wakati alikuwa amesikia tu. Aliniangalia kama ninayemtania.

"Kaka, ningeandika 'nimesikia', nani angesoma?"