Je, Mbwa ni Mlafi?

Ukipita penye bucha mjini Nakuru, msomaji, huenda ukamwona mbwa amekaa kitako, macho yake yakifuata kila kipande cha nyama. Twamwita mlafi, tukamfukuza kwa mawe. Lakini mlafi ni yule awezaye kujizuia naye hataki. Mbwa ametokana na mbwa-mwitu wa kale wa nchi za kaskazini, waliokula hata kuvimbiwa siku ya windo, kisha wakashinda siku kadhaa bila kitu. Naye amerithi kula kila apatapo. Tena mwaka 2016 wataalamu wa Cambridge walionyesha kwamba baadhi ya mbwa wa aina ya Labrador wana kasoro ya urithi iwazidishiayo hamu ya chakula. Na kuomba je? Hilo tumemfundisha sisi wenyewe: atukodoleaye macho hutupiwa mfupa, alalaye kimya husahauliwa, au hupigwa teke kwa kuziba njia.