Mpeleka Samansi na Haki ya Asiyekuwapo

Waswahili husema mjumbe hauawi. Methali hii aghalabu hutolewa kama kinga: aliyetumwa asibebeshwe dhambi ya aliyemtuma, wala asiadhibiwe kwa uchungu wa maneno yasiyo yake. Shakespeare aliijua hofu hiyo alipomchora Cleopatra akimpiga mjumbe aliyemletea habari kwamba Antony ameoa, hata akamtolea kisu, na maskini yule hana kosa ila kusema kweli. Lakini methali imeutazama mlango kwa upande mmoja tu. Imemhurumia anayebisha hodi, ikamsahau aliye ndani. Je, mjumbe asipofika? Na akiwa hakufika, kisha akarudi kwa aliyemtuma akaapa kuwa amefika, ni nani aliyeuawa hapo?

Yuko mtu ambaye swali hili ndilo riziki yake. Wazee wa mwambao walimwita tarishi wa mahakama, na neno hilo lina ndugu zake hadi leo katika Kiarabu cha Ghuba, ambako tarrash ni kutuma na tarish ni aliyetumwa. Wengi sasa humwita mpeleka samansi. Kenya huifanya kazi hiyo kwa leseni ya Mahakama Kuu. Tanzania Bara, kanuni za mwaka 2017 zimemweka katika daftari moja na madalali wa mahakama, chini ya jina la msambaza nyaraka, na mafunzo yao hutolewa katika Chuo cha Uongozi wa Mahakama, Lushoto. Hupokea hati ya wito, humtafuta mdaiwa, humkabidhi mkononi, humtaka atie saini, kisha hurudi na kuapa kwa maandishi: siku gani, saa ngapi, mahali gani, na ni nani aliyemwonyesha kuwa huyu ndiye. Basi. Kwa jicho la haraka ni kazi ya miguu, na ndiyo maana haikupata kuheshimiwa. Wakili husifiwa kwa ufasaha wake na hakimu kwa hekima yake. Tarishi husifiwa, akisifiwa, kwa viatu vyake.

Hata hivyo, ondoa miguu hiyo uone kitakachobaki cha mahakama. Katika Sura ya Saad mna kisa cha wagombani wawili walioparamia ukuta wa mihrabu wakamwingilia Nabii Daud. Mmoja alishitaki kwamba nduguye ana kondoo jike 99, yeye ana mmoja tu, na hata huyo mmoja anatakiwa. Daud akatamka kuwa amedhulumiwa. Kisha akatanabahi kwamba ametiwa mtihanini, akaanguka kusujudu na kuomba maghufira. Wafasiri wametofautiana juu ya kosa lenyewe lilikuwa nini, lakini wako walioliona katika kule kuhukumu kwa ulimi mmoja, kabla ya yule wa pili kufungua kinywa. Na huyo wa pili alikuwapo, amesimama pale pale! Sembuse aliye maili 40 kutoka mahakamani, anaparua samaki wake, wala hajui kuwa jina lake linasomwa na karani.

Asiyekuwapo na lake halipo: katika sinia la pilau maneno haya ni mzaha, na aliyechelewa hucheka pamoja na walioshiba. Mahakamani ndiyo sheria yenyewe. Mdaiwa aliyepelekewa wito asifike, mdai huomba hukumu ya upande mmoja, na mara nyingi huipata. Nyumba huuzwa, mshahara hukatwa. Mlango mmoja tu umewekwa baina ya mzaha ule na msiba huu, na ufunguo wake ni kile kiapo cha tarishi. Hakimu hana jingine la kulitazama. Anaamini karatasi kwa sababu mtu ameapa juu yake.

Basi nini maana ya kufanikiwa katika kazi ya namna hii? Jibu la kwanza ni la ustadi, nao si mdogo. Mpeleka samansi mzuri hujua mji kwa majina yake mawili, lile la vibao na lile la watu. Hati humwambia amtafute Mohamed Ali Mohamed, na katika mtaa mmoja wa kisiwani wako Mohamed Ali Mohamed wanne, ambao hakuna anayewaita hivyo. Mmoja ni Chudi, mwingine Bob, wa tatu anajulikana kwa jina la mama yake. Hapana budi ajue wavuvi hurudi na maji gani, wachuuzi hufunga saa ngapi, nani amehamia shamba na nani amesafiri kwenda Muscat akaacha nyumba kwa shemeji. Lazima aweze kuketi barazani, kunywa kahawa na kuuliza bila ya kueleza anachoulizia, kwani deni la mtu ni siri ya mtu hadi hakimu aseme vinginevyo. Mwenye sifa hizo akiongeza uaminifu wa saa na mwandiko unaosomeka, mawakili watamtafuta wao, na katika miaka kumi atakuwa na ofisi na vijana wa kutuma.

Hapo ndipo hatari inapoanza, kwani malipo kwa kawaida huhesabiwa kwa hati. Hati iliyofika ina bei. Safari tatu zilizotoka patupu aghalabu hazina, au zina kidogo. Mtu hulipwa zaidi kwa kusema “nimemkuta” kuliko kwa kusema “sikumkuta”, na mwenye kuweza kumsuta ni mtu mmoja tu: yule ambaye hakukutwa, naye hajui kuwa kuna la kumsuta.

Mji wa New York umeonyesha mwisho wa njia hiyo. Huko kampuni zilinunua madeni ya zamani kwa bei ya kutupa, zikafungua kesi kwa maelfu, na wapeleka hati wakalipwa fedha kidogo kwa kila karatasi. Hati nyingi hazikufika popote. Wamarekani wana jina la mchezo huo, upelekaji wa mtaroni, kwa kuwa hati hutupwa katika mtaro wa maji machafu na kiapo kikasafiri peke yake hadi mahakamani. Mwaka 2009 Mwanasheria Mkuu wa jimbo hilo, Andrew Cuomo, aliiendea mahakama kutaka hukumu za upande mmoja zipatazo 100,000 zifutwe. Viapo vilipolinganishwa ilionekana kwamba mtu yule yule ameapa, mara kwa mara, kuwa alisimama kwenye milango miwili ya mitaa tofauti katika saa ile ile moja. Kesi nyingine ya pamoja, iliyofunguliwa mwaka huo huo na wadaiwa dhidi ya mawakili, wanunuzi wa madeni na wapeleka hati wao, ilimalizika kwa mapatano ya dola milioni 59. Wengi wa walioumia walikuwa watu wa kipato kidogo, ambao habari ya kwanza waliyoipata ya kesi ni akaunti ya benki iliyofungwa. (Ajabu ya sheria: jimbo hilo hilo linakataza hati isipelekwe siku ya Jumapili. Heshima ya siku ililindwa, ya kiapo haikulindwa.)

Nani mwenye dhambi? Ni rahisi kumtupia tarishi, na ni rahisi vile vile kumtetea kuwa ni fukara aliyetumwa na matajiri. Utetezi huo una ukweli ndani yake. Aliyepanga malipo yawe madogo kiasi kwamba ukweli hauwezi kumlisha anayeusema, huyo ameununua uongo hata kama hakuutamka. Lakini utetezi una mpaka. Mwizi wa kuku humwibia mwenye kuku, na mwenye kuku ataamka alalamike. Mwapaji wa uongo huyu humwibia mtu ulimi wenyewe wa kulalamikia. Ufukara unaweza kueleza kwa nini mtu alichukua kazi. Hauelezi kwa nini jirani yake, fukara kama yeye, ndiye aliyechaguliwa kulipa.

Mahakama ya Juu ya Marekani iliwahi kuugusa moyo wa jambo hili mwaka 1950, katika kesi ya Mullane, iliyohusu amana za benki na wanufaika waliotawanyika. Jaji Jackson aliandika, kwa maana yake, kuwa taarifa ya kutimiza desturi tu si taarifa. Njia ya kumjulisha asiyekuwapo iwe ile ambayo angeichagua mtu mwenye kutaka kweli huyo asiyekuwapo apate habari. Hapo kipimo kimetoka kwenye karatasi kikaingia kwenye nia. Mpeleka samansi anaweza kutimiza kila kifungu na bado asiwe anataka mtu ajue. Humkabidhi bibi asiyesoma hati ya Kiingereza, akachukua alama ya dole gumba, akaenda zake. Mwingine, kwa malipo yale yale, husimama dakika mbili akasema: “Bibi, hii ni kesi. Umeitwa tarehe fulani. Usipokwenda, watakata shauri bila yako.” Kanuni haziwatofautishi watu hawa wawili, na hesabu ya mwisho wa mwezi haiwatofautishi.

Yapo pia ya upande wa pili, kwani anayetafutwa si malaika. Hodi inapigwa, na mdaiwa aliye chumbani humnong’oneza mtoto: mwambie baba hayupo. Mtoto wa miaka sita anafundishwa uongo kwa ajili ya deni ambalo hakulila. Mpeleka samansi anajua, na mtoto anajua kuwa anajua. Adabu ya pwani, iliyotoka katika mafunzo ya dini, inamwambia mgeni abishe mara tatu na akiambiwa rudi, arudi. Sheria inamwambia ajitahidi, na ikishindikana kabisa, abandike hati katika mlango wa nje. Kubandika kuna ukatili wake. Baraza zetu hutazamana. Karatasi yenye muhuri itakuwa imesomwa na mtaa mzima kabla ya adhuhuri. Wako basi wanaopendelea hila: kujifanya ameleta kifurushi, au kwenda matangani, ambako mdaiwa hana budi kuwepo kumzika mamake. Hila ya kifurushi yumkini inavumilika, maana uongo wake hufa pale pale hati inapokabidhiwa, na aliyedanganywa ndiye aliyejulishwa. Ya matanga haivumiliki, ingawa huenda hakuna kifungu kinachoikataza. Mtu anayezika hawezi kuitwa msikilizaji, na hati aliyotiwa mkononi hapo imefika mwilini tu.

Siku hizi mashine zimeitwa zisaidie. New York, kwa sheria ya mwaka 2010, ilimtaka kila mpeleka hati achukue chombo cha kunakili kwa setilaiti alikosimama na saa aliyosimama. Kenya, kwa marekebisho ya mwaka 2020, imeruhusu wito upelekwe kwa baruapepe na kwa programu za ujumbe za simu, katika namba ambayo mdaiwa anajulikana kuitumia. Faida ni kubwa, hasa kwa visiwa, ambako safari ya jahazi ilikuwa ikigharimu kuliko deni lenyewe. Setilaiti itamzuia mtu asiape kuwa alikuwa milango miwili kwa saa moja. Haitasema kama alibisha. Simu nayo hurudisha alama kuwa ujumbe umefika, na alama hiyo huchapwa ikaambatishwa na kiapo. Lakini katika nyumba nyingi simu ya mzee hukaa kwa mjukuu, anayeichezea mpira jioni na kuufuta kila ujumbe asioujua ili mchezo upate nafasi. Hati imefika saa 11:42 jioni. Mjukuu ameitazama, akaona muhuri, akaona Kiingereza. Na babu yuko msikitini, anangoja magharibi.