Shaka Yenye Adabu

Mwaka 1992 Wizara ya Kilimo ya Marekani ilitoa mchoro wa piramidi kuwaelekeza wananchi wake namna ya kula. Chini, penye upana, palikaa mkate, wali, tambi na nafaka nyingine: vipimo 6 hadi 11 kwa siku. Maziwa, mtindi na jibini vilipewa vipimo 2 hadi 3. Mkate mweupe na mkate wa ngano isiyokobolewa viliwekwa daraja moja, utadhani ni kitu kimoja. Mwaka mmoja kabla, wizara ilikuwa imeuzuia mchoro huo baada ya wenye biashara ya nyama na maziwa kulalamika. Na wizara hiyohiyo inayomshauri mlaji ndiyo yenye jukumu la kumtafutia mkulima soko. Mwaka 2011 piramidi iliondolewa, sahani ikashika nafasi yake.

Wengi wakiisikia habari hii huhitimisha haraka: tumedanganywa. Hitimisho hilo ni jepesi mno. Kabla ya kuuliza kama mwongozo ni wa kweli au wa uongo, tuulize kwanza mwongozo ni kitu cha namna gani.

David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti wa karne ya 18, aliwalaumu waandishi wa maadili kwa kuanza na mambo yalivyo, kisha ghafla wakajikuta wanasema yanavyopaswa kuwa, bila kueleza wamevukaje. Mwongozo wa ulaji huvuka hivyohivyo. Sayansi inaweza kusema kwamba mfupa unahitaji kalsiamu. Haiwezi peke yake kusema, “Kunywa maziwa mara tatu kwa siku.” Kati ya kauli hizo mbili kuna mtu aliyekaa mezani akaamua. Ushahidi uko wazi: Marekani inamshauri mtu mzima mwenye umri wa miaka 19 hadi 50 apate miligramu 1000 za kalsiamu kwa siku, ilhali Uingereza inamwambia 700 zinatosha. Mifupa ya London haina tofauti na ya Chicago. Kilichotofautiana ni uamuzi: ushahidi gani upewe uzito, na tahadhari iwe kubwa kiasi gani. Huo si uongo, ila umevaa nguo za ukweli mtupu, na hapo ndipo raia ana haki ya kuuliza.

Swali la pili ni hili: anayeshauriwa ni nani? Mwongozo husema na mtu wa wastani, kiumbe wa hesabu ambaye hajawahi kuketi kula. Chukua maziwa. Kwa takriban theluthi mbili ya watu wazima duniani, uwezo wa kumeng’enya laktosi, sukari iliyomo katika maziwa, hupungua utoto ukishapita. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti wa jamii za Tanzania, Kenya na Sudan. Walionyesha kuwa wafugaji wa huku walibaki na uwezo huo ukubwani kwa badiliko la jeni lililo tofauti na lile la Wazungu wa kaskazini. Historia mbili zilifika pamoja bila kufuatana. Kwa hiyo agizo moja la kunywa maziwa humfikia Mmaasai kama maelezo ya maisha yake, na humfikia mwingine kama mwaliko wa kuumwa tumbo, ilhali kalsiamu angeweza kuipata kwenye dagaa wanaoliwa na mifupa yao. Mwaka 2019 Kanada iliacha kuyapa maziwa kundi lake, ikayaweka pamoja na maharage, nyama na vyakula vingine vya protini.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Je, na tumbo nalo? Hapa shaka huanza kuwa na deni. Tumbo linajua maumivu ya usiku wa leo. Halijui hali ya mishipa ya moyo miaka 20 ijayo. Hilo hujulikana kwa kuwafuatilia watu wengi kwa muda mrefu, kazi ambayo mtu mmoja na sahani yake hawaiwezi.

Mfano wa shaka iliyolipa deni lake uko katika historia ya mahindi. Mwanzoni mwa karne ya 20 pelagra iliua maelfu ya maskini kusini mwa Marekani: ngozi ilichubuka, tumbo likaharisha, akili ikavurugika. Wataalamu wengi waliamini ni ugonjwa wa kuambukiza. Joseph Goldberger, daktari wa serikali, aliona kwamba katika hospitali za wagonjwa wa akili waliolazwa wanaugua, wanaowahudumia hawaugui. Akashuku mlo. Mwaka 1915, huko Mississippi, wafungwa 11 walikubali kula chakula kama cha wagonjwa hao, kilichojaa mahindi, kwa ahadi ya msamaha. 6 wakapata dalili. Leo tungelikataa jaribio hilo kwa sababu za utu. Lakini mwaka uliofuata yeye na wenzake walijidunga damu ya wagonjwa na kumeza uchafu wao, na hakuna aliyeambukizwa.

Je, mahindi ni sumu? Wenyeji wa Mexico wameyala kwa maelfu ya miaka. Huyachemsha kwa chokaa, na njia hiyo hufungua vitamini inayozuia pelagra, ambayo wanasayansi waliitambua mwaka 1937. Nasi tunajua kwamba sembe na dona hutoka gunia moja lakini si unga mmoja. Anayesema “nafaka ni msingi wa afya” na anayesema “nafaka ni adui” wamefanya kosa lilelile: wamehukumu jina la kundi, wakaacha kuuliza limekobolewaje, limepikwaje, na limeliwa pamoja na nini.

Isitoshe, shaka nayo ina wachuuzi wake. Anayeutukana mkate mara nyingi ana kitabu au kopo la unga wa protini la kuuza. Ukiihoji wizara kwa maslahi yake, mhoji na huyo.

Mwongozo wa haki ungetenganisha mambo matatu: haya tunayajua; haya tumeyaamua, na sababu zetu ni hizi; na hawa ndio watu tuliowafikiria. Mwenye shaka naye adaiwe vivyo hivyo.