Nani Anastahili Kukujua

Ukimuuliza kijana wa Kawangware anayetafuta kazi anaishi wapi, huenda akakujibu "Lavington." Mwenzake wa Kibera atasema "Ngong Road." Hakuna uongo wa kumpeleka mtu kortini hapo: Lavington ya matajiri inapakana na Kawangware, na barabara ya Ngong inapita karibu tu na Kibera. Lakini vijana hao hao wamehubiriwa redioni, kanisani na hata ndani ya matatu: jikubali, usijifanye, kuwa wewe mwenyewe. Je, aliyejibu "Lavington" amejikana?

Kwa maoni yangu, hapana. Mtu aliyeshika barua yako ya kuomba kazi, naye ameshaamua moyoni kwamba kutoka Kibera ni doa, hakuulizi ili akujue. Anatafuta sababu ya kukuacha. Sioni una deni gani la ukweli kwake. Nasaha za kujikubali ni rahisi kwa yule ambaye mahali anapolala hapajawahi kumnyima kazi.

Sasa mfuate kijana huyo jioni, akipitia kwa mama mboga. Mama anakata sukuma wiki nyembamba kama nyuzi, kisu kikigusa kidole bila kukijeruhi, huku mdomo ukiendelea na habari za mtaa. Chini ya gunia kuna daftari la madeni lililolowa pembeni. Majina ya kitambulisho hayamo. Kuna "Baba Brayo 70", kuna "wa geti ya bluu 40." Hapa Lavington haifui dafu. Mama anajua unalipa lini, unakunywa nini, na kama wiki jana ulipita njia ya nyuma ili asikuone. Akikukopesha, amekukopesha wewe, si sura uliyovaa asubuhi.

John Mbiti, kasisi na msomi aliyezaliwa Kitui, alieleza katika kitabu chake cha 1969 kwamba kwa Mwafrika mtu huwa mtu kwa sababu ya jamii yake. Ni kweli, ila Mbiti aliandika zaidi juu ya ukoo, wazee na wahenga. Kibera, wanaokushikilia ni watu wa ploti, waliotoka pande zote za nchi, mkitenganishwa na ukuta wa udongo au mabati katika vyumba vya futi 10 kwa 10. Ukikohoa usiku, jirani anakupa pole asubuhi. Hukumchagua, wala hakukuchagua.

Na hapo ndipo sifa za ujirani zinapoanza kunitia wasiwasi. Januari 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Kibera iliwaka na reli inayokatiza mtaa ikang'olewa. Watu walidaiwa vitambulisho njiani. Jina, kwa kuwa linafichua kabila, lilitosha kukuponza. Oktoba 2017 Kawangware nayo ikaonja ghasia kama hizo. Siku kama hizo, jirani anayekujua hadi kikohozi chako anaweza kukuficha chini ya kitanda chake, au kuwaonyesha wenye mapanga mlango wako. Yote mawili yametendeka. Kuwaambia watu wa namna hiyo "kuwa wewe mwenyewe" bila kutaja hatari yake ni utani mbaya.

Kwa hiyo nafsi tunayoambiwa tuichimbue moyoni, mimi naiona zaidi katika lile daftari: kule ambako umekubali kujulikana na mtu anayeweza kukudhuru, na bado kesho unapita mbele ya kibanda chake. Ndiyo maana simshangai sana anayedanganya katika mahojiano ya kazi. Ninayemshangaa ni yule aliyefanikiwa, akahamia Kileleshwa, na sasa anaitaja Kawangware kwa sauti kila mahali kwa kuwa imegeuka sifa, ilhali zile 40 za geti ya bluu hajazilipa.