Karatasi ya Kilwa

Ukitaka kwenda Kilwa Kisiwani, nenda wakati wa demani. Kusi limepungua nguvu, kaskazi halijaingia, na kuanzia Septemba hadi mwanzoni mwa Novemba mkondo ulio kati ya Kilwa Masoko na kisiwa hutulia, hata asiyezoea bahari akavuka bila wasiwasi. Majani yamekauka, hivyo magofu yanaonekana mpaka kwenye misingi. Mvua zikishanyesha, vichaka hurudi na nusu ya mji hupotea machoni.

Ni majira hayo ambayo mzee mmoja wa Sudi alipelekwa huko na mpwa wake. Nasimulia kama mfano, bila majina, maana kijiji chochote cha pwani ya Lindi kingeweza kuwa chao.

Mzee alikuwa nahodha zamani. Alibaki na shamba la minazi alilorithi, lililopakana na diko, na katikati ya minazi ile kilipita kinjia cha kushukia pwani. Hakikuandikwa popote. Kinamama walikipita bamvua likitoka, wakiwa na mikuki yao ya pweza na ndoo kichwani. Wavuvi walikipita alfajiri. Siku moja akaja mtu wa mjini, mpole, na karatasi ya kukodi shamba kwa miaka 99. Mzee akaomba siku za kufikiri.

"Shikamoo, mjomba," mpwa wake alimwambia aliposikia. "Kabla hujatia dole, twende Kilwa. Siku zote unasema unataka kuiona."

"Marahaba, mjomba. Twende, lakini Kilwa na shamba langu wapi na wapi?"

Walipanda gari hadi Lindi, wakalala, kesho yake wakashika njia ya Nangurukuru na kuteremkia Masoko. Wakalipia kibali, wakapewa kiongozi wa kuwaonyesha magofu, wakavuka.

Ngome iitwayo Gereza ndiyo inayompokea mgeni. Wareno walijenga ngome hapo mwaka 1505, baada ya Francisco de Almeida kuuteka mji, wakaondoka mwaka 1512. Kinachosimama leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya Waomani waliokuja baadaye. Bahari imekwisha kula upande wake mmoja. Mzee hakukaa sana hapo. Kilichomshika ni Msikiti Mkuu, wenye nguzo na makuba ya karne ya 14 na 15 yaliyoongezwa kwenye msikiti wa zamani zaidi. Aliweka kiganja ukutani akakiacha hapo. Tumbawe lile alilijua: ni lile lile linalochana nyavu Sudi. Hakuwahi kufikiri kwamba watu wa pwani yake waliwahi kulichonga likiwa bado bichi, wakalifanya nguzo, wakachoma jingine kuwa chokaa, wakaezeka nyumba ya Mungu pasipo makuti. Akauliza utajiri wa kujenga hivi ulitoka wapi. Kiongozi wao akamjibu kwamba mji huu ulikuwa tajiri wa dhahabu ya Sofala, ulipiga sarafu zake wenyewe, na msafiri Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 aliusifu kuwa miongoni mwa miji mizuri. Wakatembea mpaka kasri la Husuni Kubwa, juu ya jabali, kwenye birika la pembe nane. Mzee alilizunguka pembe moja moja.

Waliporudi kivulini, mpwa akamwomba kiongozi asimulie ile habari ya mkataba.

Mwaka 1776 Sultani Hasan wa Kilwa alikubaliana na mfanyabiashara wa Kifaransa, Morice. Sultani angempatia watumwa 1,000 kila mwaka, kwa piasta 20 kila mmoja, na juu yake piasta 2 kwa kila kichwa kama zawadi ya sultani mwenyewe. Hakuna mzungu mwingine ambaye angenunua mpaka Morice atosheke. Mfaransa akapewa na ngome, aweke mizinga na bendera yake. Muda wa mkataba: miaka 100. Watu hao walikuwa wa kupelekwa kwenye mashamba ya visiwa vya Wafaransa, ambavyo leo tunaviita Morisi na Reunion. Wengi waliopitia soko la Kilwa walitoka bara, nyuma ya pwani hii hii yetu; ni watu wa asili moja na wakazi wengi wa Lindi wa leo.

Wapo wanaomtetea sultani. Aliiogopa Omani, alitaka rafiki mwenye mizinga. Hofu hiyo ilikuwa ya kweli. Lakini miaka 100 haikufika popote: kabla ya muongo uliofuata kwisha, Kilwa ilikuwa chini ya hao hao Waomani wa Maskati, biashara ikahamia Kilwa Kivinje, na katika miaka ya 1840 sultani wa mwisho akachukuliwa uhamishoni. Rafiki hakumwokoa. Na waliouzwa walikuwa wameshauzwa.

Mzee alikasirika waziwazi. "Mtu anakubali vipi jambo kama hilo? Hao elfu moja waliulizwa na nani?" Njia nzima ya kurudi alilirudia swali hilo, na mpwa wake akafurahi, akaamini kazi imekwisha.

Haikwisha. Yule mtu wa mjini alirudi usiku, mpwa akiwa hayupo. Fedha zilihesabiwa juu ya mkeka. Mzee aliuliza kuhusu kinjia, akaambiwa bahari ni ya Mungu, nani atamzuia mtu? Akatia dole. Karatasi haikuwa na neno lolote kuhusu kinjia, na yeye hakuwa na wa kumsomea. Hakupewa hata nakala.

Uzio ulifika kabla ya kaskazi. Kinamama wa pweza sasa huzunguka nyuma ya mikoko, kwenye tope, na maji ya bamvua hayamsubiri mtu. Wakifika mwambani, saa ya kuvua imebaki nusu. Mmoja wao alikuja barazani kwa mzee, akakaa, akamsalimu kwa adabu zote, kisha akamwuliza: "Baba, sisi tuliulizwa na nani?" Alikuwa hajawahi kufika Kilwa, wala hakuisikia habari ya Morice.

Mzee huyu hakuwa mlafi. Alikuwa na deni la matibabu na paa linalovuja. Kosa lake naliona kwa kila mtu wa pwani, mimi nikiwamo: tunamhukumu sultani aliyetia sahihi zaidi ya miaka mia mbili iliyopita kwa sababu dhambi yake ilikuwa kubwa kuliko yetu itakavyowahi kuwa. Kuuza binadamu na kukodisha shamba si jambo moja, na sithubutu kuyapima kwenye mizani moja. Ila ule mwendo wa mkono unafanana: mmoja anatia sahihi, anayelipa hayumo chumbani.

Ndugu msomaji wa Sudi, Kilwa, Mchinga au Mikindani, kinga ipo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, imeikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi kwa niaba ya wanakijiji wote, na mkutano mkuu wa kijiji una sauti yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini. Akija mtu na karatasi, mwambie aje mchana. Isomwe kwa sauti kwenye mkutano, mstari kwa mstari, na kinamama wanaoshuka pwani wawepo wakisikiliza. Kila njia ya kwenda majini iandikwe kwa jina lake. Nakala ibaki kijijini. Akikataa hata moja ya hayo, arudi na fedha zake.